Uzi: Safari ya familia Oldupai, Laetoli na boma la Wamaasai. Watoto waanze na lipi?

#1 Mzazi wa Njiro

Wakuu, salaam. Likizo ya Juni tunapanga kwenda Oldupai na kutembelea boma la Wamaasai. Tuko sita: watu wazima wawili, watoto wa miaka 4, 6, 9 na 13. Tunatoka Arusha alfajiri, tunalala usiku mmoja, tunarudi kesho yake.

Nina dai moja, naomba mlipime. Nasema watoto wasipelekwe boma siku ileile wanayokwenda Oldupai. Ratiba nyingi hufunga vitu hivi viwili kwenye furushi moja, fuvu la kale asubuhi na ngoma ya morani mchana, kisha mtoto anarudi nyumbani akiamini Mmaasai ni mabaki ya mtu wa kale. Ni kosa la historia, tena ni kumkosea heshima mwenyeji.

Nisaidieni mpangilio, gari la kutumia, na kama Laetoli, kwenye zile nyayo za kale, inafaa kwa wadogo.

#2 Tairi Tatu

Nianze na barabara, maana ndiyo huharibu ratiba.

Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu hadi lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, ni lami tupu, kama kilometa 160. Mafuta jaza Karatu. Ukishapita lango lami imekwisha. Unapanda msituni hadi ukingo wa kreta, unazunguka, halafu unateremka upande wa pili kuelekea uwanda. Kipande hicho cha kuteremka ndicho chenye mawimbi mawimbi yanayolegeza boliti, na kina mawe yenye ncha. Tairi likiwa na upepo wa kawaida wa 35, lishushe hadi 28 hivi, kisha lijaze tena ukirudi Karatu. Mwendo usizidi 50. Spea ziwe mbili. Pancha ya kwanza haimsumbui mtu, ya pili ndiyo inayolaza watoto njiani.

Kushuka kreta wanataka 4x4, hakuna mjadala. Kwenda Oldupai peke yake wakati wa kiangazi gari lililoinuka linafika, ila shokapu zitalia.

Kiingilio: Mtanzania mtu mzima ni shilingi 10,000 kabla ya VAT. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 hulipa pungufu, chini ya miaka 5 ni bure, kwa hiyo huyo wako wa miaka 4 anapita. Gari na makumbusho vina tozo zake. Langoni hawapokei fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo unalipia benki au kwa simu. Lipa ukiwa bado Karatu, mtandao ni mzuri. Na mbebe vitambulisho pamoja na vyeti vya kuzaliwa, la sivyo mjadala wa umri wa mtoto utawakalisha pale nusu saa.

Kibali ni cha saa 24 tangu muda wa kuingia. Ukiingia saa 3 asubuhi, kesho saa 3 uwe umetoka. Familia nyingi huingia mapema mno, kesho yake zinajikuta zinakimbizana na saa zikiwa bado ukingoni.

#3 Mwalimu wa Korongo

Mzazi wa Njiro, dai lako naliunga mkono, ila sababu yako iwekee vipimo ili watoto wauone muda kwa macho.

Chukua kamba ya mita 4. Kila milimita moja ni miaka 1,000. Kutoka mwisho mmoja, ambao ni leo, pima na ufunge fundo kwenye sentimita 366. Hapo ndipo nyayo za Laetoli, miaka milioni 3.66. Fundo la pili lifunge kwenye sentimita 184. Ni Zinj, fuvu aliloliona Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959. Miaka ya nyuma mlisoma milioni 1.75, vipimo vipya vimelisogeza hadi karibu 1.84. Fundo la tatu sentimita 30: binadamu wa aina yetu, kama miaka 300,000. Halafu waulize watoto fundo la Wamaasai kufika Ngorongoro lifungwe wapi. Ni kama miaka 200, yaani sehemu ya tano ya milimita, unene wa karatasi mbili. Halifungiki.

Hilo moja linatosha kuvunja lile furushi. Yule wa miaka 13 mwachie kazi ya kupima, wadogo wafunge mafundo.

#4 Enkang Narok

Nasoma hapa kama Mmaasai, na nina neno kwa #1 na #3.

Nia yenu ni njema lakini mmeruka jambo. Kimaasai ni lugha ya Kinailoti, na wazee husimulia safari kutoka kaskazini, wakitaja kupanda genge la Kerio. Tulipofika nyanda za Ngorongoro tuliwakuta Wadatoga, na Wahadzabe walikuwapo zamani kuliko wote hao. Kwa hiyo ni kweli, hatuna uhusiano wa pekee na Zinj kuliko alio nao mtu wa Lindi au wa Bukoba. Zinj mwenyewe si babu wa yeyote kati yetu, ni tawi lililokauka.

Lakini kuwatenga watoto na boma siku ya Oldupai kunaondoa kitu. Jina la mahali pale ni letu. Oldupai ni ule mkonge-pori unaosimama kingoni mwa bonde, majani marefu yenye ncha kali. Hutoa nyuzi za kamba. Mjerumani Kattwinkel alipopita mwaka 1911 alilisikia vibaya, akaandika Olduvai, na vitabu vikaendelea naye. Mtoto akianzia boma, akashika kamba ya oldupai mkononi, akifika bondeni anautambua mmea kabla ya kuliona fuvu. Mimi nasema boma kwanza, Oldupai baadaye, siku hiyohiyo.

#5 Bi Shanga

#4 shukrani kwa jina. Na ule mnara wa mafuvu mawili makubwa pale njia panda ya kuingilia makumbusho watoto wataupenda. Msipite bila kusimama, lile lenye taya pana ndilo Zinj, la pili ni la Homo habilis, mtu mwingine wa kale.

#6 Tairi Tatu

Simameni, lakini jua la pale saa 6 mchana msilichezee. Ukingo wa kreta uko kama mita 2,300, makumbusho ya Oldupai yako karibu mita 1,500. Juni asubuhi mnaondoka ukingoni kwenye ukungu mmevaa masweta mawili, saa moja na nusu baadaye mnavua kila kitu. Nguo za tabaka tabaka, maji lita mbili kwa kila mtu mzima na lita moja na nusu kwa mtoto, kofia yenye ukingo, mafuta ya midomo. Vumbi la pale ni jivu la volkano, linakausha koo haraka. Madirisha ya nyuma yafungwe gari linapopishana na jingine.

#7 Kisima cha Ndutu

Naomba kusahihisha #3 kidogo. Umesema "fuvu aliloliona Mary Leakey" kana kwamba lilikuwa juu ya ardhi zima. Alichoona ni kipande cha mfupa na meno vikichungulia kwenye mteremko. Fuvu liliunganishwa baadaye kutokana na mamia ya vipande. Hii ina maana kwa watoto: waambieni mapema kwamba bondeni hawataona mafuvu yamelala. Wataona mawe, miteremko ya rangi tofauti, na alama ya kumbukumbu pale lilipopatikana. Mtoto aliyeahidiwa mafuvu hukata tamaa ndani ya dakika kumi.

Na fuvu halisi halipo Oldupai. Liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Oldupai ni nakala.

#8 Fundi Mawe

Kuna utamu mwingine wa lugha pale ambao waongozaji wengi hawausemi. Eneo la Zinj linaitwa FLK. Wageni hudhani ni kifupi cha kitaalamu. Ni Frida Leakey Korongo, Frida akiwa mke wa kwanza wa Louis Leakey, mume wa Mary. K ya mwisho ni Kiswahili chetu, korongo. Zipo nyingi: HWK, MNK, BK, zote K ni korongo. Vijarida vya sayansi vya dunia nzima vimebeba neno letu tangu miaka ya 1930.

#9 Bi Shanga

Na mtoto wa miaka 6 atauliza ndege yuko wapi :)

#10 Fundi Mawe

Bi Shanga umenipata. Mwambieni korongo la maji lilichimbwa na mto, korongo wa mabawa atamwona kreta. Yule mwenye taji la dhahabu kichwani.

#11 Mwalimu wa Korongo

#7 nimepokea, ni sawa kabisa.

Nikiongeza kuhusu miteremko: tabaka ndicho kitu pekee bondeni ambacho mtoto anaweza kukisoma mwenyewe. Mkisimama pale kwenye kibanda cha kutazamia, anzieni chini. Jiwe jeusi sakafuni ni lava. Juu yake Tabaka la I, ndiko Zinj na habilis walikotoka. Kisha la II. La III ni jekundu, halikosewi hata na mtoto wa miaka 4. Juu yake la IV na mengine membamba. Mwambieni mdogo atafute nyekundu, kisha aseme Zinj yuko juu au chini yake. Akijibu "chini" ameelewa kanuni nzima: cha chini ni cha zamani zaidi.

Kushuka bondeni ni lazima mwende na mwongozaji wa pale. Hakuna kuokota. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza, na sababu yake ya kazi ni hii: jiwe likihama sentimita 30 tu, mtafiti hawezi tena kusema lililala na mifupa ipi. Mfukoni mwa mtoto linageuka jiwe la kawaida.

#12 Jicho la Tai

Wakuu, swali. Zinj alitengeneza yale mawe ya kukatia au hakutengeneza? Shuleni tulifundishwa ndiye mtu wa kwanza kutengeneza zana.

#13 Fundi Mawe

Ulifundishwa maoni ya Louis Leakey ya mwaka 1959. Fuvu lilipatikana pamoja na zana, akahitimisha ndiye fundi. Mwaka 1960 ikaanza kupatikana mifupa ya kiumbe mwenye ubongo mkubwa zaidi na mkono unaoshika vizuri. Mwaka 1964 Leakey, Tobias na Napier wakampa jina Homo habilis, mtu hodari wa mikono. Tangu hapo zana akapewa habilis, Zinj akageuzwa mgeni aliyefia hapo.

#14 Kisima cha Ndutu

#13 usifunge faili mapema. Mwaka 2023 zilitangazwa zana za aina ya Oldupai kutoka Nyayanga, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, za kati ya miaka milioni 2.6 na 3, na meno yaliyokuwa nazo ni ya jamaa zake Zinj. Kwa hiyo hoja ya mwaka 1959 imefufuka.

#15 Fundi Mawe

Meno kulala karibu na zana hakuthibitishi mwenye meno ndiye fundi. Anaweza kuwa ndiye aliyeliwa. Kosa la mwaka 1959 ndilo hilohilo.

#16 Kisima cha Ndutu

Na habilis alipewa zana kwa kigezo kipi, kama si kulala nazo karibu? Ukiikataa hoja kwa mmoja, ikatae kwa wote wawili.

#17 Jicho la Tai

Basi nitawaambia wanangu fundi bado anatafutwa. Na lile jina la utani la Zinj, "mvunja karanga"?

#18 Mwalimu wa Korongo

Jina hilo nalo limepwaya. Magego yake ni makubwa kweli, lakini mikwaruzo kwenye meno ya aina yake haifanani na ya mla vitu vigumu, na kemia ya meno yao inaonyesha walikula sana nyasi na jamii ya mafunjo. Mtafunaji wa saa nyingi, kama ng'ombe. Watoto wa boma wataielewa haraka kuliko wa mjini.

#19 Mzazi wa Njiro

Shukrani wote. Kamba ya #3 nimeshaiandaa. Sasa Laetoli?

#20 Tairi Tatu

Laetoli iko kama kilometa 45 kusini mwa Oldupai, mnapitia upande wa Endulen. Kwa ratiba ya siku mbili na mtoto wa miaka 4, acheni. Barabara ni ya udongo, na mvua ikiwa imenyesha udongo mweusi unanasa tairi hadi kwenye bodi. Kwenda na kurudi ni nusu siku nzima.

#21 Kisima cha Ndutu

Na hata mkifika, nyayo zenyewe hamzioni. Zimefukiwa. Hili watu hulichukia, lakini sababu yake ni nzuri na ingefaa ielezwe kwa urefu.

Baada ya uchimbaji wa 1978 na 1979 njia ile ya nyayo, kama mita 27, ilifukiwa kwa mchanga wa mtoni na mawe makubwa juu. Mchanga ulikuja na mbegu za migunga. Mawe yakahifadhi unyevu. Migunga ikaota, mizizi ikashuka na kuanza kupasua lile jivu lililoganda. Miaka ya tisini ikabidi wafukue, wakate miti, wajaze mizizi dawa, kisha mwaka 1995 na 1996 wafukie upya. Safari hii mchanga ulichekechwa kwanza kuondoa mbegu, zikatandikwa tabaka za kitambaa maalumu, mojawapo chenye vidonge vya dawa inayozuia mizizi, na mawe ya lava juu kabisa dhidi ya mmomonyoko na kwato.

Nakala ya sehemu ya njia hiyo iko makumbusho ya Oldupai. Kwa familia yenu hiyo inatosha, tena mtasogea karibu kuliko vile ambavyo mngesogea Laetoli kwenyewe.

#22 Mwalimu wa Korongo

Kwenye nakala hiyo ndiko siku yenu itakakonoga. Bebeni futi kamba ya fundi cherehani. Wayo wa yule mdogo, watafiti wanamwita G1, una sentimita 18 hivi. Ni mguu wa mtoto wa miaka 6 avaaye kiatu namba 28 au 29. Wa miaka 6 wenu apime wake pembeni, bila kukanyaga nakala.

Maelezo ya jinsi zilivyobaki: volkano ilimwaga jivu jepesi kama unga wa saruji. Manyunyu yakalilowesha, si mvua kubwa, ndiyo maana matone yenyewe yameacha alama. Wakapita. Jua likakausha, jivu lenye chumvi za kabonati likaganda, kisha likaanguka jivu jingine likafunika. Mvua ikizidi, nyayo hufutika. Ikikosekana, vumbi halishiki umbo. Walipita pia kanga, sungura, vifaru, na farasi wa kale mwenye vidole vitatu pamoja na mwanawe.

#23 Jicho la Tai

Volkano ya Sadiman, siyo?

#24 Fundi Mawe

Ndivyo vitabu vingi vinavyosema, kwa kuwa iko kama kilometa 20 mashariki. Lakini wanajiolojia waliochambua miamba ya Sadiman wanasema haifanani na jivu la Laetoli kwa kemia. Chanzo kingine kimependekezwa kuwa kimefukiwa au kimemomonyoka. Hapo napo pana kambi mbili.

#25 Bi Shanga

Walikuwa wangapi? Michoro mingi inaonyesha baba, mama na mtoto.

#26 Kisima cha Ndutu

Michoro ni michoro. Kwenye njia ya kwanza, eneo la G, kuna mstari wa mdogo na mstari wa mkubwa. Mstari wa mkubwa una nyayo zenye kingo mbili, ndipo wengi wakasema kuna wa tatu aliyekanyaga mulemule. Wapo waliosema ni wawili tu, na kingo hizo ni mguu kuteleza kwenye jivu laini. Mwaka 2016 kundi la Watanzania na wenzao, akiwemo Profesa Fidelis Masao, likatangaza nyayo za watu wawili zaidi eneo la S, mita 150 kutoka pale, kwenye jivu lilelile na uelekeo uleule. Mmoja wao ana wayo wa sentimita 26.

#27 Mwalimu wa Korongo

Hapo kwenye 26 hesabu ina mtego. Binadamu wa leo, wayo ni kama asilimia 15 ya kimo, kwa hiyo 26 inakupa mtu wa sentimita 173. Waliochapisha walitumia uwiano wa Australopithecus, jamaa wa kale wa binadamu wenye nyayo ndefu kidogo kulingana na kimo, wakapata karibu 165. Kosa la uwiano peke yake ni sentimita nane. Wa miaka 13 akipiga hesabu hiyo mwenyewe ataelewa kwa nini wataalamu hawakubaliani.

Wengine wanamwona huyo kama dume kubwa lenye wake na watoto, mfano wa gorila. Wengine wanasema ni mapema mno kusema jinsia kwa wayo.

#28 Fundi Mawe

Na msisahau eneo la A. Nyayo tano za ajabu, mguu ukivuka mbele ya mwenzake. Miaka mingi zilidhaniwa za dubu. Zilifukuliwa tena mwaka 2019, na mwaka 2021 ikatangazwa ni za kiumbe wa jamii yetu, ila wa aina tofauti na wale wa G. Wa dubu wamebaki wachache, lakini hoja ya aina mbili zilizopita ndani ya muda mmoja haijakubalika kwa wote.

#29 Enkang Narok

Mmezama kwenye nyayo, boma mmelisahau. Niseme ya kufanya.

Kwanza majina. Boma la familia ni enkang. Manyatta, ambayo watu huita kila kijiji cha Wamaasai, ni makazi ya morani, hujengwa kwa kipindi na kwa shughuli zao. Mkiambiwa "karibuni manyatta" barabarani mnapelekwa enkang.

Salamu. Mwanamume huambiwa "Sopa", hujibu "Ipa". Mwanamke huambiwa "Takwenya", hujibu "Iko". Watoto wenu wasinyooshe mkono kwa mzee. Wainamishe kichwa, mzee aguse utosi. Fundisheni nyumbani siku mbili kabla. Mtoto wa mjini akifanya hivyo bila kusukumwa, mlango unafunguka tofauti kabisa.

Msihesabu ng'ombe kwa sauti wala kuuliza mama ana watoto wangapi. Kuhesabu hadharani viumbe hai ni kutafuta mkosi. Picha ombeni kwanza, hata kama mmelipia kuingia.

Nyumba, enkaji, hujengwa na wanawake: fito, udongo, samadi ya ng'ombe. Dari iko chini, mtu mzima anainama. Jiko liko katikati na tundu la moshi ni dogo. Mwenye pumu asikae zaidi ya dakika tano. Moshi hukaa juu, kwa hiyo keti chini haraka badala ya kusimama mlangoni ukikohoa. Macho yazoee giza kabla ya kutembea, kuna kitanda cha ngozi kila upande na mara nyingi ndama wamefungwa ndani.

#30 Bi Shanga

Kwenye moto wa kupekecha waambieni watoto watazame sime. Ubao laini wenye kitundu huwekwa juu ya bapa la sime, kijiti kigumu kinazungushwa kwa viganja, wawili wakipokezana bila kuacha kipoe. Unga mweusi unaotoka kwenye kitundu ndio kaa, unadondokea kwenye bapa, unahamishiwa kwenye samadi kavu ya punda iliyochambuliwa, kisha unapulizwa polepole. Ukipuliza kwa nguvu unautawanya. Msimu wa mvua hushindikana kwa kuwa ubao umenyonya unyevu.

#31 Jicho la Tai

Rangi za shanga zina maana gani? Kila boma wananipa orodha tofauti.

#32 Bi Shanga

Nyekundu ng'ombe, damu na ujasiri. Bluu mbingu na mvua. Nyeupe maziwa. Kijani majani ya malisho. Nyeusi watu na shida zao.

#33 Enkang Narok

Orodha hiyo ipo, lakini imekuzwa na mazungumzo ya kibiashara na wageni. Shanga za kioo zilijaa kwetu kupitia misafara karne ya 19, na hadi leo zilizo nzuri hutoka Czech. Kabla yake zilikuwa mbegu, mifupa na vipande vya chuma. Bibi anayeshona anaangalia kwanza mpangilio: rangi zipi zikae jirani, ukatwe wapi mstari, rika gani wanavaa mtindo upi. Ukikosea mpangilio, rangi sahihi haikuokoi.

#34 Bi Shanga

Sikatai mpangilio. Lakini mama wakifundisha binti zao maana hizo leo, ni za kweli leo, hata kama zilianzia kwa mgeni kuuliza.

#35 Kisima cha Ndutu

Nyekundu ya shuka nayo ina hadithi nne. Kufukuza simba. Kuonekana kwa mbali malishoni. Damu. Na udongo mwekundu uliopakwa kwenye ngozi na baadaye kwenye nguo za merikani. Mimi ya simba siishiki, simba haoni nyekundu vizuri. Ya udongo ina ushahidi wa picha za kale.

#36 Tairi Tatu

Chakula. Msiwaambie watoto kwamba Wamaasai hula damu na maziwa tu. Ndani ya Ngorongoro kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tena 1992, kisha kikazuiwa upya. Unga hununuliwa, na ugali na uji ndio mlo wa kila siku kwa wengi. Mkitaka kubeba zawadi, bebeni sukari, majani ya chai na unga, mkabidhi kwa mama mwenye nyumba kupitia mwenyeji wenu. Pipi kwa watoto hapana, mtawafundisha kusimama barabarani kusubiri magari.

Bei ya boma ikubaliwe kabla ya kushuka garini, kwa gari zima, ikiwa na ngoma, nyumba na shule ya vidudu ndani yake. Muulizeni dereva analipwa nini na boma. Akisita, chagueni boma jingine.

#37 Mzazi wa Njiro

Nimeelewa. Rasimu: siku ya kwanza kuingia lango saa 4 asubuhi, moja kwa moja Oldupai, kamba na futi kamba, kurudi kulala ukingoni. Siku ya pili boma saa 1 asubuhi ng'ombe wakitoka, kisha lango kabla ya saa 4. Kreta tunaiacha kwa safari nyingine. Laetoli hapana.

#38 Enkang Narok

Saa 1 asubuhi ni nzuri, wanawake wanakamua. Bado nasema mtoto angeshika kamba ya oldupai kwanza.

#39 Mwalimu wa Korongo

Na mimi bado nasema mafundo kwanza. Mzazi wa Njiro, ile kamba yako ya mita 4 ni ya nailoni au ya katani?

#40 Mzazi wa Njiro

Nailoni.

#41 Enkang Narok

Iacheni nyumbani. Boma lililo jirani na njia panda ya Oldupai simameni dakika kumi mnapokwenda, ombeni mama awauzie kamba ya mkonge-pori yenye urefu huo. Isokoteke kavu, maana mbichi hurefuka ikivutwa na mafundo yenu yatahama.

#42 Mwalimu wa Korongo

Ikirefuka kwa asilimia moja, Laetoli inasogea karibu sentimita nne, yaani miaka 37,000 hivi. Pimeni baada ya kuivuta, ndipo mfunge.